Akiba ya Uzeeni, Mahitaji ya Leo: Fao la Kujitoa Tanzania Bara, 1964–2018

Mzozo wa fao la kujitoa uliozuka Tanzania mwaka 2012 huelezwa kwa kawaida kuwa mgongano kati ya serikali iliyojali uzee wa wafanyakazi na wafanyakazi waliotaka fedha zao mapema. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaliacha swali la msingi: kwa nini akiba ya uzeeni ilikuwa imegeuka tegemeo la mtu aliyeachishwa kazi akiwa na umri wa miaka 30?

Jibu limo katika sheria za miaka ya mwanzo ya uhuru. Sheria ya mwaka 1962 ilimtaka mwajiri amlipe kiinua mgongo mfanyakazi anayeondolewa kazini. Mwaka 1964 ukaundwa mfuko wa taifa wa akiba za wafanyakazi, NPF. Huo haukuwa mfuko wa pensheni. Michango ya mwajiri na ya mfanyakazi iliwekwa kwa jina la mwanachama, kisha ikalipwa kwa mkupuo pamoja na riba. Bima ya kumlipa asiye na kazi mwezi hadi mwezi haikuwapo. Aliyepoteza ajira alizoea kupokea fedha mara moja na kuzigawa mwenyewe: kodi ya nyumba, ada, nauli ya kurudi kijijini, mtaji.

Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza mfuko huo kuwa NSSF, wenye kulipa pensheni kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 180. Hata hivyo, desturi ya kujitoa iliendelea. Mabadiliko hayo yalikuja katikati ya ubinafsishaji wa mashirika ya umma, wakati ambapo ajira ya kudumu ilikuwa ikipungua. Kwa mfanyakazi wa mkataba mgodini, miezi 180 ilikuwa matumaini zaidi kuliko mpango. Marekebisho ya mwaka 2012 yalipozuia kujitoa kabla ya umri wa kustaafu, yaani miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, upinzani mkali, hasa wa wachimbaji, uliilazimisha serikali kulegeza msimamo.

Hesabu inaonyesha uzito wa hoja yao. Chukuliwe mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 600,000 anayeachishwa kazi baada ya miaka 5. Akikatwa asilimia 10, naye mwajiri akichangia kiasi hichohicho, michango inafikia shilingi 7,200,000 bila kuhesabu riba. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, yaani siku 35. Kati ya fedha za mwezi mmoja na ushei na zile za mwaka mzima, uchaguzi haukuhitaji mshauri. Lakini serikali nayo haikukosea kuhusu uzee: kila aliyejitoa alianza upya kuhesabu miezi yake 180, na wengi wangefika miaka 60 bila pensheni.

Mageuzi ya mwaka 2018, yanayokumbukwa zaidi kwa kuunganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF, ndiyo yaliyoleta fao la upotevu wa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mfanyakazi wa mfano huu angepata takriban shilingi 200,000 kwa mwezi, jumla 1,200,000, na michango yake ikabaki mfukoni. Uzee ulilindwa, mtaji ulitoweka. Zaidi ya hayo, fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Kwa sharti hilo barua ya mwisho ya mwajiri ilipata thamani ya fedha, kwa kuwa neno moja, «kuacha» au «kuachishwa», ndilo linaloamua kama nyumba itakuwa na kipato chochote katika miezi 6 inayofuata.