Rubani Chini ya Dashibodi

Gari ya ami ilizima Ndia Kuu saa moja asubuhi, na Ndia Kuu si mahali pa kuzimikiwa na gari. Njia ni nyembamba kiasi kwamba mkokoteni mmoja wa maji ukisimama, kila mtu anasimama. Tuktuk mbili nyuma yetu zikaanza honi. Ami akapiga stata: inazunguka vizuri, lakini moto haushiki. Tukasukuma hadi pembeni, akampigia fundi simu.

Fundi alikuja na begi dogo. Akafungua swichi, akaitazama dashibodi, akauliza, "Mzee, taa ya injini imeacha kuwaka tangu lini?" Ami hakujua. Mtu huogopa taa inayowaka. Nani anaangalia isiyowaka? "Basi huenda ni kontrol boksi," fundi akasema. "Lakini usinunue kitu bado."

Nilisoma uhandisi miaka miwili kabla ya kuacha chuo, na sikuwa nimewahi kuiona boksi hiyo kwa macho. Ami analisha watu sita kwa teksi ile. Nikataka kujua nani aliamua kwamba gari isiende bila kompyuta.

Jibu liko mbali na bahari hii. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi iliyowataka watengenezaji wa magari wapunguze sumu kuu za moshi kwa asilimia 90 katika miaka michache tu. Kabureta, ambayo huchanganya petroli na hewa kwa nguvu ya mvuto peke yake, haikuwa na ujanja wa kufika hapo. Bosch ya Ujerumani ilikuwa tayari na mfumo wa kunyunyiza petroli kwa amri ya umeme, uliowekwa kwenye Volkswagen mwaka 1967. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ikaweka petroli na cheche chini ya boksi moja, ndani ya BMW. Kufikia 1981, General Motors ilikuwa na kompyuta karibu katika magari yake yote ya abiria ya petroli yaliyouzwa Marekani. Wengi wetu tunadhani kompyuta iliingia kwenye gari kwa sababu ya mbio au anasa. Iliingia kwa sababu ya moshi.

Kazi yake si ndogo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inataka cheche 100 kila sekunde. Kwa kila moja, boksi inauliza sensa: hewa kiasi gani, maji yana joto gani, krankshafti iko wapi? Kisha inaamua injekta ifunguke kwa milisekunde ngapi na plagi ipige lini.

Mombasa ilikutana na boksi hizi kwa kuchelewa, halafu kwa ghafla. Kizazi cha ami kilikua na Peugeot 504 za kabureta: ikikataa, unafungua jeti, unaipuliza kwa mdomo, unafunga, safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ikalegeza masharti ya fedha za kigeni na ya uagizaji, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka Kilindini kwa wingi, mengine yakipitia Dubai. Akili zilikuwa ndani yake. Petroli ya kuyafaa haikuwa tayari.

Japani ilikuwa imeondoa risasi kwenye petroli ya kawaida tangu 1975. Sisi tuliendelea kuuza petroli yenye risasi hadi mwisho wa 2005, hata baada ya nchi za Afrika kukubaliana kule Dakar, Juni 2001, kuachana nayo. Risasi huiua sensa ya oksijeni na kuharibu kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, boksi zilizoundwa ili kusafisha moshi zilikuwa zikidanganywa na sensa zao wenyewe kwenye barabara zetu. Makanika wa hapa walijifunza kuzielewa katika hali hiyo, mbele ya maandishi ya Kijapani, kwa kupima waya mmoja baada ya mwingine.

Njia tuliyozimikiwa nayo ina kisa chake. Ndia ni njia kwa Kimvita, lakini enzi za mkoloni iliitwa Vasco da Gama Street. Huyo bwana alifika Mombasa Aprili 1498, hakuelewana na wenyeji, akaenda Malindi, na huko ndiko alikopewa rubani wa kumvusha hadi Calicut kwa chini ya mwezi mmoja. Neno rubani, kabla halijapanda ndege, lilikuwa la mtu huyo wa baharini. Merikebu zilikuwa za Wareno. Ujuzi wa njia ulikuwa wa bahari hii. Sasa mambo yamegeuka. Chombo ni chetu, lakini rubani kafungiwa ndani ya kijisanduku chini ya dashibodi, na aliyemfundisha kazi yuko ng'ambo.

Turudi kwa fundi. Alipima kwanza fyuzi, kisha relei, kisha arthi. "Wengi hununua boksi kumbe arthi imeoza," aliniambia. Volti 12 zilikuwa zinaingia kwenye boksi. Volti 5 ambazo boksi inatakiwa kuzitoa kwa sensa hazikuwepo. Hapo ndipo alipoifungua. Kapasita mbili zilikuwa zimevuja, na njia za shaba chini yake zimeota ukijani. Maji ya mvua yalikuwa yanapenya kwenye mpira wa kioo cha mbele, na hewa ya chumvi ikamalizia.

"Boksi haifi peke yake, mwanangu," alisema. "Huuliwa. Usipomjua muuaji, na mpya itakufa." Wakati mwingine muuaji ni koili iliyounguza njia ya umeme ndani ya boksi. Wakati mwingine ni kiwandani penyewe: Agosti 2010 Toyota iliita takriban magari milioni 1.13, Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008, kwa sababu lehemu na kifaa kimoja ndani ya kompyuta ya injini vingeweza kupasuka na gari kuzima njiani. Kwetu muuaji alikuwa mpira wa kioo. Alianza na huo.

Boksi mpya ilikuwa na bei ya kumtoa ami kwenye biashara kabisa. Fundi akatafuta ya ex-Japan, akilinganisha namba za kibandiko tarakimu kwa tarakimu, maana gari mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na boksi mbili zisizojuana. Akaifunga. Injini ikashika sekunde moja, ikazima. Ikashika tena, ikazima tena. Ami akaketi kwenye baraza ya watu, kimya.

"Haimjui mwenye ufunguo," fundi akasema. Imobilaiza: boksi hukumbuka alama ya ufunguo iliyozaliwa nao, na hii ilikuwa bado ikimsubiri mwenyewe Japani. Fundi akachukua pasi ya kulehemu, akang'oa kutoka boksi ya zamani chipu yenye miguu minane, ndogo kuliko punje ya mbaazi, akaipandikiza kwenye ile nyingine. Mwili wa mmoja, kumbukumbu ya mwingine. Ikawaka.

Nilifurahi, halafu nikaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo haujaniondoka. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwapa mafundi wa kujitegemea haki ya kupata taarifa za kutengeneza magari. Nchi yenye viwanda vyake ililazimika kupigia kura jambo hilo. Na katika mengi ya magari ya sasa, pasi ya kulehemu haitoshi: boksi haikubali kazi hadi seva ya mtengenezaji itoe idhini. Kanuni yetu inaruhusu gari iingie nchini ikiwa haijapita miaka minane. Maana yake magari hayo yako njiani kuja Kilindini, na siku moja yatazima Ndia Kuu, na fundi mwenye begi dogo ataitwa. Ujuzi atakuwa nao. Ruhusa ndiyo sijui atamwomba nani.

Boksi ya zamani hakuitupa. Aliandika namba na tarehe juu yake kwa kalamu nzito, akaitia begini: spea za mwingine. Ami naye amepata desturi mpya. Kila asubuhi hufungua swichi, husubiri mpaka aione taa ya injini ikiwaka, ndipo hupiga stata.