Kijana Aliyeuona Mlima Kwanza

Sisi wa mashariki ya Kongo twalijua jina la Ruwenzori tangu utoto, ingawa mlima wenyewe hufichwa na mawingu siku nyingi za mwaka. Tarehe 24 Mei 1888, Henry Morton Stanley alikuwa karibu na Ziwa Albert. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kijana mmoja alimwonyesha kwa mbali mlima uliosemekana kufunikwa na chumvi. Chumvi ile ilikuwa theluji. Mlima mkubwa kuliko yote ya safu ile waitwa leo Mlima Stanley. Kijana aliyeuonyesha hana hata kijito kiitwacho kwa jina lake.

Tuitazame njia yenyewe. Upande wetu yaanzia Mutwanga na kufuata bonde la mto Butahu. Msafiri huyaacha mashamba, huingia msituni, hulala Kalonge, kwenye mita zipatazo 2,100. Kesho yake hupita katika mianzi, kisha kati ya miti iliyoota ndevu za kijani, hata afike Mahangu, mita 3,300 hivi. Siku ya tatu ni ya tope, baridi na lobelia warefu kuliko mtu, mpaka Kiondo, karibu na mita 4,200. Juu ya Kiondo kuna kilele cha Wusuwameso. Asubuhi, mawingu yakiwa bado chini, anayesimama pale huiona barafu ya Mlima Stanley imemkabili kama ukuta.

Bonde hilo la Butahu ndilo alilolipanda Mjerumani Franz Stuhlmann mwaka 1891, akafika karibu mita 4,000. Tarehe 18 Juni 1906, Luigi Amedeo wa Italia, akitokea upande wa Uganda, alikanyaga ncha ya juu kabisa, mita 5,109, akaiita Margherita kwa heshima ya malkia wake. Mwaka 1932 Wabelgiji walioongozwa na Xavier de Grunne walizichunguza barafu za upande wa Kongo.

Hao wote walikuwa mashujaa kweli. Hatuwanyimi haki yao. Lakini hakuna aliyebeba hema lake peke yake. Katika safari ya 1906, wapagazi wa nchi za chini waliposhindwa na baridi, Wakonzo, ndugu za Wanande wetu, ndio waliopandisha mizigo hadi pango la Bujongolo. Walijua pa kukanyaga, palipo na kuni, na mwamba gani hukinga mvua. Theluji yenyewe walikuwa wameipa jina, nzururu, zamani kabla mgeni yeyote hajaiona. Vitabu vimetunza majina ya viongozi kutoka milima ya Alpi. Ya wapagazi wengi hayakuandikwa.

Jambo hili latuhusu leo kwa sababu mbili. Kwanza, barafu inakwisha. Mwaka 1906 ilienea kilomita za mraba zipatazo 6.5, mwaka 2003 ilikuwa imebaki karibu 1 tu. Pili, vita na mauaji katika eneo la Beni vimewafungia wengi njia ya Mutwanga. Basi yawezekana kijana akazaliwa chini ya mlima, akakua, asisimame Wusuwameso hata mara moja, na siku amani itakapomfungulia njia, asiikute theluji waliyoiona babu zake.

Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Kumbukumbu twaweza kuiokoa, nayo pia inayeyuka. Katika parokia zilizo karibu na mlima wangali wako wazee waliowahi kupandisha mizigo, au ambao baba zao walipandisha. Twendeni kwao na daftari. Tuwaulize walipita wapi, walilipwa nini, ni nani hakurudi. Tuandike majina yao yote kamili. Yule kijana wa 1888 alikosa mtu wa kumwuliza jina. Wazee hawa wasikose.