Kompresheni, Mgandamizo na Kanieneo: Historia Fupi ya Neno la Gereji

Majina ya mitambo huja pamoja na mitambo yenyewe. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Yalifuata malori, na baadaye Land Rover, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, zikazoeleka katika barabara za vumbi za Korogwe na Handeni. Neno gari tulikwisha kulipata kutoka Kihindi. Lakini viungo vya injini vilikuja na majina ya Kiingereza, na mafundi wakayapa umbo la Kiswahili: silinda, pistoni, ringi, valvu, plagi. Katika kundi hilo limo kompresheni.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na kazi ya kusanifisha istilahi ikapata chombo cha taifa. Katika maandishi, neno linalochukua nafasi ya kompresheni ni mgandamizo. Neno hilo ni zuri, lakini hubebeshwa dhana tatu ambazo hapana budi kuzitenganisha:

(i) Mpigo wa mgandamizo: pistoni kupanda huku valvu zimefungwa.

(ii) Uwiano wa mgandamizo: ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini, ukilinganishwa na ujazo unaobaki ikiwa juu. Katika injini ya petroli ya Land Rover ya mwaka 1958, yenye sentimeta za ujazo 2,286, uwiano huo ulikuwa 7 kwa 1.

(iii) Kanieneo ya mgandamizo: nguvu ya hewa iliyobanwa, ambayo fundi huisoma kwenye geji.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Injini ya zamani iliyotoka kufanyiwa ovaholi hupimwa ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, umeme wa plagi umekatwa na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Injini huzungushwa kwa starta mpaka mshale usipande tena, na kila silinda huandikiwa namba yake. Silinda yenye namba ndogo hutiwa oili kidogo na kupimwa tena. Namba ikipanda, hewa inapita kwenye ringi. Isipopanda, yashukiwe valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu pamoja, gasketi ndiyo ya kutazamwa kwanza. Aidha, ringi mpya huhitaji muda wa kukaa sawa. Namba ndogo ya siku ya kwanza haitoshi kuihukumu injini.

Sasa, mfasiri akiandika kwamba "mgandamizo ni 7", msomaji anaweza kuitafuta 7 hiyo kwenye geji, asiione, akaifungua injini nzima bure. Uwiano haubadiliki kwa safari, kanieneo hubadilika. Gari lile lile likipanda kutoka Korogwe, karibu na Mto Pangani, hadi Handeni iliyo juu zaidi, geji itasoma pungufu kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi zaidi, ingawa injini haina kasoro.

Kwa hiyo inafaa kila dhana ipewe jina lake kamili. Uwiano tunao, na kanieneo tunayo, istilahi ya fizikia iliyoungwa kwa kani na eneo. Kompresheni nayo iachwe iendelee kutumika gerejini, mradi mwongozo ulioandikwa umwonyeshe fundi ni ipi kati ya hizo tatu inayosemwa.