Mandari ya Visiwani

Utamaduni unapotajwa, aghalabu fikira za watu hukimbilia ngoma, mavazi, harusi na mashairi. Hatusemi kuwa ni makosa. Lakini watu hujulikana vile vile kwa namna wanavyopumzika: huenda wapi siku isiyokuwa na kazi, huenda na nani, hubeba chakula gani, na ni nani aliyewapa ruhusa ya kwenda huko. Hili la mwisho huenda likamshangaza msomaji. Twamwomba avumilie, kwani ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Sisi tuliozaliwa Unguja mjini tuna neno letu la jambo hili, nalo ni mandari. Kwenda mandari ni kutoka nyumbani asubuhi jamaa nzima, wakubwa kwa wadogo, na chakula kilichokwisha pikwa au cha kwenda kupikwa huko huko, kukaa mahali penye kivuli na hewa, na kurejea jua linapokuchwa. Masikio yetu hulisikia neno hili kama ndugu wa mandhari, ingawa hatuapi. Mandari huweza kuwa ya shamba, chini ya miembe, au ya pwani. Lakini katika mji wetu iliyotamaniwa kuliko zote ni ile ya kuvuka maji. Ukisimama Forodhani waviona visiwa vimekaa mbele ya mji kama majirani barazani: Changuu, Chapwani, Kibandiko na Bawe, na upande wa kusini, mbali zaidi, kipo Chumbe na mnara wake wa taa. Baina yao yapo mafungu ya mchanga na miamba ambayo wavuvi huijua kwa majina, kama vile Pange, Murogo na Nyange. Hakuna mtoto wa mjini asiyevijua visiwa hivi kwa macho. Kuvikanyaga ni jambo jingine.

Zamani za masultani, kustarehe nje ya mji kulikuwa ni kwa watu wa majumba makubwa. Seyyid Said alijenga hamamu za Kidichi mwaka 1850, huko kwenye mashamba ya karafuu na minazi. Mwanawe, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alikuwa na majumba kadhaa nje ya mji, likiwamo la Marhubi lililomalizika mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899, na jingine la Chukwani. Dada yao Barghash na ndugu zake, Bibi Salme, aliyekwenda kuishi Ujerumani, aliandika kumbukumbu za maisha yake zikachapishwa mwaka 1886, na humo ameeleza namna watu wa jumbani walivyokwenda kukaa mashamba. Ni maelezo yenye kupendeza. Lakini msomaji wa leo hana budi kujiuliza waliobeba mizigo, wakateka maji na kuwasha moto waliiita safari ile kwa jina gani. Hao walikuwa watumwa, na kumbukumbu zao hazikuandikwa.

Visiwa navyo vilikuwa na mambo yake. Watu wa kwanza kuvitumia walikuwa wavuvi, waliopiga dago huko, wakakausha samaki na nyavu, kisha wakaondoka. Changuu ni jina la samaki, wala hatuoni haja ya kutafuta maana nyingine. Kabla ya ukoloni kisiwa hicho kiliwahi kutumiwa kuwafungia watumwa walioonekana wakaidi. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa Sultani, alikipata kisiwa kwa ajili ya serikali na kujenga gereza. Gereza likasimama, kuta zikapigwa chokaa, na mfungwa hata mmoja hakutiwa humo. Badala yake palifanywa karantini ya abiria wa meli waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Bawe ilipewa kampuni ya simu ya waya uliopita chini ya bahari, uliofika Unguja mwaka 1879. Tangu mwaka huo huo Chapwani ikazikwa mabaharia wa Kiingereza. Na humo wamo waliouawa alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoipiga na kuizamisha Pegasus mbele ya mji wetu. Chumbe ikawekwa mnara wa taa mwaka 1904.

Tazama basi mambo yalivyokuwa. Kisiwa kimoja cha wagonjwa, kimoja cha maiti wa kigeni, kimoja cha waya, kimoja cha taa. Mwenye mji alibaki ukutani akivitazama. Na miezi ambayo karantini haikuwa na watu, maofisa wa kikoloni walikwenda Changuu kupunga upepo, na nyumba yao ya mapumziko, ijulikanayo kuwa ni ya Waziri wa Kwanza, ipo mpaka leo. Kwa hiyo mandari ya visiwani ilikuwapo. Suala ni ilikuwa ya nani.

Watu wa kawaida walikuwa na mandari yao ya nchi kavu. Reli ya Bububu, ya maili saba, ilianza kuchukua abiria mwaka 1905. Sikukuu zilikuwa za Mnazi Mmoja, kwa pembea na vyakula. Watu wa Makunduchi, kila Mwaka Kogwa ukifika, hupokea wageni kutoka kila upande, na ni aibu mtu kula peke yake siku hiyo. Visiwani walikokwenda wananchi ni kwa hisani ya mvuvi: jirani, au shemeji, mwenye mashua au ngalawa, ambaye siku moja huacha kutega akachukua watu.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo vijana wengi hawafundishwi, nalo ni hesabu ya maji. Mandari ya visiwani haikupangwa kwa tarehe za ofisini. Ilipangwa kwa mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika mji wetu bamvua hujaa kiasi cha saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hukauka kiasi cha saa nne. Kwa hiyo wazee walipakia vyombo giza halijaondoka vizuri, maji yakiwa bado yako karibu na ukuta, na umande, yaani upepo wa nchi kavu wa asubuhi, ukiwasukuma taratibu. Ifikapo saa nne wako kisiwani, maji yamekupwa, mafungu yamechomoza. Watoto wanaokota kaure, wanawake wanatafuta pweza na chaza kwenye miamba, na wanaume wanawasha moto wa makuti. Alasiri maji yanarudi, upepo wa baharini umeshika, na chombo kinaletwa mpaka mlangoni kwa mji bila ya mtu kulowa zaidi ya magoti. Siku za maji mafu mambo ni mengine, nazo walizihesabu mbali. Elimu hii haikuandikwa popote. Ilikuwa vichwani mwa watu ambao skuli ziliwaita wajinga.

Sisi wenyewe tulipata somo lake kwa aibu. Tulipokuwa darasa la saba, skuli yetu ilitayarisha safari ya kwenda Changuu. Kila mtoto alileta mchango wake, mama zetu wakapika usiku kucha, na tukaamriwa tuwe pwani ya Malindi saa tatu na nusu. Tulifika sote, tumevaa sare, na mapakacha ya mikate ya kumimina na maandazi, na sufuria mbili za pilau zilizofungwa kwa kanga. Mashua ilikuwapo, lakini imelala ubavu juu ya mchanga, na maji yako mbali kama shamba la mtu mwingine. Mwalimu, mtu mwema aliyezaliwa bara na aliyetufundisha hesabu vizuri sana, alimkabili nahodha kwa hasira.

"Mzee, tulikubaliana saa nne!"

"Tulikubaliana, Mwalimu," nahodha akajibu, naye amekaa juu ya nanga anashona tanga. "Saa nne ndiyo hii. Na mwezi jana ulikuwa mpevu, labda hukuutazama. Ungeniuliza mimi, ningekwambia uwalete watoto alfajiri."

"Sasa tutafanyaje?"

"Kaeni mle. Bahari haichelewi."

Tukakaa, tukala. Mnamo saa saba maji yalikuja yakainua mashua pole pole, tukapanda bila ya chakula, kwani pilau ilikwisha kuliwa mchangani Malindi. Kisiwani tulikaa muda usiotimia saa mbili. Mafungu yalikuwa yamefunikwa, hatukuokota kitu cha maana. Tulikimbia ndani ya vyumba vya gereza tukifungiana milango na kupiga makelele ya wafungwa, tukawaona kobe wakubwa, tukaitwa. Mwaka uliofuata Mwalimu yule alionekana mara kwa mara barazani kwa nahodha jioni, ana daftari. Hatujui daftari lile limekwenda wapi, na kila tukilikumbuka moyo unatuuma.

Jioni ile tuliporudi nyumbani, bibi yetu mzaa mama alituuliza tulikokwenda. Tukamwambia Changuu. Akanyamaza, kisha akasema, "Karantini?" Tukacheka, kwa kuwa neno lenyewe lilitupendeza. Tulikuwa na simbi mbili tatu mfukoni, tukampa. Hakuzipokea. "Vitu vya kule haviingii nyumbani mwangu," akasema, akatuamuru tukavitupe pwani kabla ya Magharibi. Baadaye sana, tulipokuwa watu wazima, ndipo alipotueleza kuwa utotoni mwake aliwaona watu wakipelekwa kule na mabunda yao, na jamaa zao wakija ukutani kutazama moshi wa jikoni, wakiuona moshi wakajua kuwa huko bado kuna walio hai. Yeye mwenyewe hakuvuka hata siku moja, mpaka akafa.

Twaamini kuwa ndani ya hadithi hizi mbili, ya mashua iliyolala na ya simbi zilizotupwa, ndimo ilimo historia ya mandari yetu. Watoto waliokimbia ndani ya vyumba vile walikuwa wakicheza mahali ambapo bibi zao walipaogopa. Hilo si jambo dogo. Mahali palipojengwa pa kuwatenga watu pakawa mahali pa kulia pilau, wala haukuhitajika mkutano wala hotuba. Palihitajika mashua na bamvua. Lakini mchezo usiojua ulipochezwa nao una upungufu wake, na lawama hiyo twaitwaa sisi waandishi na walimu, kwa kuwa tuliwapeleka watoto tukawarudisha bila ya kuwaambia neno.

Wala mambo hayakukaa mahali pamoja. Kobe wale tuliowaona asili yao ni wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana wakawa mia na ziada, kisha wakaanza kuibwa, na kufikia 1996 walibaki saba tu. Ikabidi waletwe vitoto vingine na kujengwa ua wa kuwalinda. Chumbe, ambako meli na ulinzi viliwazuia wavuvi kwa miaka mingi, miamba yake ilisalimika kuliko ya jirani zake. Mwaka 1994 ikatangazwa kuwa hifadhi, na tangu miaka hiyo wanafunzi wa skuli za Unguja hupelekwa huko kuogelea wakatazama matumbawe. Wako wasichana wa mjini waliotia uso ndani ya bahari kwa mara ya kwanza huko, ilhali wamezaliwa hatua mia kutoka pwani.

Kisha pana hofu. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama si mbali na Chumbe, na hata mwaka ulikuwa haujatimia tangu kuzama kwa Spice Islander katika mkondo wa Nungwi, Septemba 2011. Baada ya misiba ile wazazi wengi wa mjini hawakutaka kusikia neno chombo. Hatuwalaumu. Mandari za visiwani za jamaa zilipungua mitaani kwetu, na vijana wakazoea kuiona bahari kwa kukaa Forodhani jioni, bustani iliyotengenezwa upya mwaka 2009, wakila mishikaki na kutazama jua.

Wakati huo huo wageni waliongezeka. Leo mashua za mtambo hupanga foleni kuwapeleka Changuu, na fungu la mchanga lililo karibu nalo limepewa jina la Nakupenda, ambalo sisi utotoni hatukulisikia. Hoteli zimejengwa visiwani, na mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilitangaza kukodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji. Hatubezi mapato; skuli na hospitali hazijengwi kwa mashairi. Tunachouliza ni kimoja, na tunakiuliza kwa heshima: katika mikataba hiyo, siku ya bamvua ya mwenye mji imeandikwa ukurasa gani? Nauli ya mgeni si nauli ya mwalimu mwenye watoto watano. Na nahodha wa leo, aliyezaliwa na mtambo, hana haja ya kuhesabu mwezi, kwa hiyo hata elimu ile iliyokuwa vichwani yaondoka pamoja na wenyewe.

Mwaka jana tulivuka na wajukuu wetu. Tuliutazama mwezi, tukaondoka alfajiri, na kijana wa mashua alitushangaa. Saa nne fungu lilikuwa wazi, watoto wakaokota walichookota, na pilau ililiwa mahali pake safari hii. Kisha tukawapitisha vyumba vya gereza, tukawaeleza habari za Mathews, za karantini, za watumwa, na za mama mmoja ambaye hakuvuka. Mjukuu wa miaka tisa hakusema kitu. Alikwenda kwenye ua wa kobe, ambao umri wao huandikwa kwa rangi juu ya magamba, akamtafuta mkubwa wao, akasoma tarakimu, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Babu," akasema, "huyu alizaliwa gereza halijajengwa."