Bomba Lililogusa Fremu ya Norton

Bomba la moshi la kushoto liliingia bila taabu. La kulia likagoma. Lilipofika kwenye kona ya chini liliegemea fremu, chuma kwa chuma, na aliyeimiliki pikipiki kabla yangu alikuwa ameligonga nyundo hadi likabonyea, ili mradi lipite. Niliumia nilipoliona. Marehemu baba, kwenye gereji yake ya Gerezani, Dar es Salaam, hakumruhusu kijana yeyote kugonga bomba kabla hajaeleza kwa nini halikai.

Pikipiki yenyewe ni Triton, yaani injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, vyuma vya viwanda viwili ambavyo havikukusudiwa kukutana. Fremu hiyo ilibuniwa na Rex McCandless wa Belfast, na mwaka 1950 Geoff Duke aliitumia kushinda mbio za Senior TT katika Kisiwa cha Man. Mpanda pikipiki Harold Daniell aliifananisha na kulalia godoro la manyoya, jina la Featherbed likashika. Miaka hiyohiyo madereva wa magari madogo ya mbio, yenye injini za cc 500, walikuwa wakiwania injini za Norton Manx. Norton haikuuza injini peke yake, basi walinunua pikipiki nzima, wakatoa injini, fremu wakaiacha. Fremu bora kuliko zote Uingereza zikabaki tupu! Vijana wakazitia injini za Triumph, zilizokuwa rahisi kupatikana na kuongezewa nguvu, wakazipeleka Ace Cafe kando ya barabara ya North Circular, London. Mgahawa huo ulifunguliwa 1938, ukafungwa 1969, ukarudi 2001; nami hupita hapo nikitoka kazini.

Katika Triton, injini hushikwa na sahani za alumini, na kila fundi alikata za kwake. Mmoja aliisogeza injini mbele, mwingine aliiinua, mwingine aliilaza kidogo. Kwa hiyo bomba linalouzwa kuwa ni la Triton huenda likakaa vizuri kwa jirani na likakataa kwako. Tena fremu nyingi za Triumph zilikuwa na mrija mmoja tu mbele, ilhali Featherbed ina miwili iliyoachana. Bomba lililopindwa kwa ajili ya ule mmoja hugonga hapa. Waliopenda mbio walichagua mabomba yanayokata kona mapema na kuikumbatia injini, yasije yakasugua lami pikipiki inapolala.

Nilianza na dalili. Nikiachia gesi, upande wa kulia ulipiga mipasuko, na pale bomba linapokutana na silinda hedi palikuwa na masizi. Kiungo kilikuwa kinavuta hewa kwa sababu bomba lilikuwa limelazimishwa. Kisha nikatazama sproketi ya nyuma: meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja. Hapo nikajua kuwa bomba limeonewa. Nikavuta uzi katikati ya fremu, toka shingo ya usukani hadi nyuma, nikapima. Injini na giaboksi zilikuwa zimesogea kulia milimita 6, kwa kuwa bushi zote za kujaza nafasi zilikuwa zimewekwa kushoto.

Nikazigawa bushi pande zote mbili, mnyororo ukanyooka. Nikatafuta bomba jipya la kulia, nikashika kila nati kwa vidole tu, ndipo nikakaza kuanzia kwenye hedi kwenda nyuma, breketi ya sailensa ikiwa ya mwisho. Wengi hukaza nyuma kwanza, mzigo wote ukaangukia hesi za alumini kwenye hedi, nazo zikishakwanguka ni kazi ya fundi wa kukereza.

Sasa kidole changu kinapita kati ya bomba na fremu. Nawe ukinunua Triton iliyoundwa na mtu mwingine, pima kwanza injini yake imekaa wapi, ndipo ununue bomba.