Kutoka Namba hadi Manamba: Safari ya Neno la Kiingereza katika Mashamba ya Mkonge ya Tanga



Nilikulia Muheza, mahali ambapo mtoto akitoka nje ya nyumba aliona mistari ya mkonge ikienda hadi mwisho wa upeo wa macho. Jirani yetu mmoja alikuwa mzee aliyetoka Uha, upande wa Kigoma, akazeekea kwetu. Sisi watoto tulimwita "yule manamba", wala hatukuwa na nia mbaya, kwani ndilo neno tulilolisikia kwa wakubwa. Siku moja mama alinisikia. Aliniamuru niende nikamwamkie mzee yule, nimwambie "shikamoo babu", kisha aliporudi ndani akaniambia kwamba manamba si jina la mtu. Nilitii pasipo kuelewa. Mhadhara huu ni jaribio la kueleza, kwa zana za isimu na za historia, jambo ambalo mama alilijua bila zana hizo.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni kwamba lugha inapokopa neno haikopi maana zake zote. Hukopa ile maana ambayo neno lilikuwa likitendewa kazi pale wenye lugha hizo mbili walipokutana. Kwa hiyo, maana iliyokopwa ni ushahidi wa kihistoria: hutuonyesha watu walikutana wakiwa katika uhusiano gani.

1. Neno moja, maana nyingi

Neno la Kiingereza number lina asili ya Kilatini, numerus, na liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha Zama za Kati. Wafaransa ndio walioingiza sauti b baina ya m na r wakapata nombre, na Waingereza wakairithi b hiyo. Naomba msikilizaji aikumbuke sauti hiyo ndogo, maana tutaihitaji.

Katika Kiingereza cha leo, neno hilo hubeba mzigo mkubwa. Ni wingi wa vitu vilivyohesabiwa. Ni dhana ya kihisabati. Ni alama iandikwayo. Ni utambulisho wa nyumba, gari au simu. Ni toleo la jarida, ni wimbo mmoja katika onyesho, na kwa wanasarufi ni kategoria ya umoja na wingi. Lugha nyingine haziutwishi mzigo huu neno moja. Kifaransa hutenganisha nombre, numéro na chiffre. Kijerumani hutenganisha Zahl, Anzahl, Ziffer na Nummer.

Kiswahili nacho kina mgawanyo wake. Wingi wa vitu ni idadi, alama iandikwayo ni tarakimu, na tendo la kuhesabu pamoja na matokeo yake ni hesabu. Yote haya ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Wafasiri wa Biblia walipokifikia kitabu cha nne cha Musa hawakuhitaji kukopa kitu, walikiita Hesabu. Wanasarufi wetu nao waliposhika kalamu waliridhika na umoja na wingi. Sehemu moja tu ya mzigo wa number ilikuwa haijapata mchukuzi madhubuti katika Kiswahili, nayo ni ile ya alama inayobandikwa juu ya kitu ili kitu hicho kitambulikane pasipo kutajwa jina. Hiyo ndiyo maana tuliyoikopa.

2. Namba, nambari na swali la Kijerumani

Kwa kuwa Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani hadi ilipotwaliwa na Waingereza mwaka 1916, ni halali kuuliza kama namba haikutokana na Nummer ya Kijerumani. Wajerumani walituachia shule na hela, kwa nini wasituachie na namba? Fonolojia hutoa jibu. Irabu ya kwanza ya Nummer ni u, ambayo Kiswahili kinayo na kingeihifadhi bila taabu. Aidha, Nummer haina b. Irabu a ya namba ndiyo namna ya kawaida ambayo Kiswahili huipokea irabu ya Kiingereza iliyomo katika number, na b ni ile ile ya Wafaransa. Kwa upande wa muundo wa silabi, mb haikuwa ngeni: kamba, mamba na chambo vilikuwapo tayari.

Umbo nambari lina kisa tofauti kidogo. Linahifadhi r ya mwisho, ambayo Mwingereza wa kusini mwa Uingereza haitamki. Lugha za Bara Hindi ziliikopa number kwa umbo la nambar, r ikiwa bayana, na katika pwani yenye makarani na wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kihindi, njia hiyo ndiyo inayoelekea kuwa ya kweli. Daktari, ambaye naye ana r yake, ni mwenzake wa karibu. Basi tuna mapacha wawili: nambari, yenye harufu ya duka na afisi, na namba, ambayo ndiyo iliyoingia shambani.

3. Kibarua, kipande, manamba

Mkonge uliletwa katika ardhi hii mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, 62 ndiyo iliyonusurika na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ulifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mashamba yakafuata reli. Kilichokosekana ni watu. Wabondei, Wazigua, Wadigo na Wasegeju walikuwa na mashamba yao wenyewe, na wengi wao hawakuona sababu ya kuyaacha kwenda kumkatia mgeni mkonge.

Ukiyatazama majina ya kazi na ya wafanyakazi katika pwani hii, utaona jambo la ajabu: yanatokana na karatasi. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19 jina hilo lilishikamana na watu waliokodishwa kwa kutwa, wakiwamo watumwa waliotolewa na mabwana zao kufanya kazi kwa wengine. Hati ikampa jina mchukuzi wake. Kisha jina likahamia kwenye kazi yenyewe, hata leo tunasema kibarua cha mtu kimeota nyasi.

Kipande ni hatua ya pili. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, utawala wa Kijerumani ulianzisha kadi iliyomlazimu mwanamume kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Mashambani, kipande kikawa kadi ya siku 30 za kazi. Aliyemaliza kazi aliyopangiwa kwa siku alitiwa alama, asiyemaliza hakutiwa, na mshahara ulisubiri kipande kijae. Hivyo mwezi wa mkonge haukufuata mwandamo wa mbinguni wala kalenda ya ukutani. Kenya nako, sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliwavika wanaume kipande shingoni, ndani ya kikopo cha bati. Na hadi leo kipande huko ni kitambulisho.

Hatua ya tatu ndiyo manamba. Wafanyakazi waliandikishwa mbali: Unyamwezi na Usukuma, Uha na Urundi, Ubena, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la pamoja la kuandikisha na kusafirisha wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU. Mtu alitia saini au alama ya kidole, akapewa namba, akapandishwa gari au treni. Daftari la karani lilimjua kwa namba ile. Majina yao yalikuwa ya lugha nyingi, na kwa karani yalikuwa usumbufu. Namba ilikuwa ya lugha moja. Ndipo waliofika wakaitwa manamba.

Uhamishaji huu wa maana, ambapo alama humeza mwenye alama, ni metonimia ya kawaida kabisa kwa mtazamo wa semantiki. Lakini kawaida ya kisemantiki isitufumbe macho. Katika mashamba hayo hayo, aina ya mkonge chotara iliyozalishwa na watafiti wa Amani na kuendelezwa Mlingano iliitwa, na bado inaitwa, 11648. Mmea ulikuwa na namba, na mkataji wake alikuwa na namba.

4. Sarufi ya manamba

Hapa ndipo mwanaisimu anapolazimika kusimama. Namba ni nomino ya ngeli ya i-/zi-: namba hii, namba hizi. Wingi wake hauhitaji ma-. Basi ma- ya manamba imetoka wapi? Haitokani na wingi wa namba kama kitu. Inatokana na kundi la nomino za mkopo zinazotaja watu kwa kazi au hadhi zao: makarani, mabepari, makuli. Neno kuli, lililofikia bandari zetu kutoka India na ambalo Adam Shafi alilitumia kuwa anwani ya riwaya yake ya mwaka 1979, lilipita njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, manamba inatofautiana na makuli kwa jambo moja. Wa makuli yupo kuli, na wa makarani yupo karani. Wa manamba hayupo. Hatusemi "namba yule". Tunasema "manamba yule", "manamba mmoja". Kiambishi cha wingi kimeganda juu ya mtu mmoja. Hata akisimama peke yake, jina lake linamtaja kama sehemu ya kundi. Sioni kwamba ni bahati tu. Neno lilizaliwa kwa kutaja shehena ya watu iliyoshuka stesheni, na halikupata kamwe nafasi ya kumtaja mmoja wao.

Lakini sarufi hiyo hiyo ilifanya jambo la pili. Wenye Kiswahili walisema "manamba wamefika", hawakusema "manamba zimefika". Walisema "manamba hawa", si "manamba hizi". Upatanisho wa kisarufi unaozingatia uhai uliwarudisha katika ngeli ya watu, kama ulivyomfanyia kibarua: kibarua hiki ni hati, kibarua huyu ni binadamu. Kipande hakikupata bahati hiyo, maana hakikuwahi kuwa mtu. Karani aliandika namba. Aliyezungumza Kiswahili hakuweza kumtaja manamba katika sentensi sahihi bila kukiri kwamba ni mtu.

5. Neno baada ya mkataba

Migomo ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na harakati za vyama vya wafanyakazi zilileta neno jingine, mfanyakazi, ambalo lina mtu na tendo lake ndani. Mwaka 1964 uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele, yapata tani 230,000. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalitaifishwa, na katika lugha ya serikali mfanyakazi alishika nafasi yote. Bei iliporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Manamba walibaki. Wengi walioa na kuolewa, wakazika wazee wao Korogwe, Muheza na Pangani, na watoto wao wakakifanya Kiswahili lugha yao ya kwanza. Mtafiti wa kuenea kwa Kiswahili asiyeyatazama makambi ya mkonge ameacha chumba kizima cha nyumba bila kukifungua.

Neno nalo liliendelea kuishi. Likazaa nomino dhahania umanamba, yaani hali ya kutumikishwa bila kauli. Mtu anayeona ananyonywa husema, "Mimi si manamba wako." Nchini Kenya manamba akawa mpigadebe wa matatu, na ni rahisi kuliunganisha jina hilo na namba za njia anazozinadi. Namba yenyewe imepata maana ambazo Waingereza hawakutupa. Mchezaji aliyekaa benchi Mkwakwani "hana namba". Akirudi kikosini "amepata namba". Hapa namba ni heshima, ni nafasi ya mtu miongoni mwa wenzake. Upande wa pili uko msemo "kuisoma namba", uliovuma hasa tangu uchaguzi wa mwaka 2015, wenye maana ya kuonja taabu. Na leo anayesajili laini ya simu huulizwa namba ya NIDA, nayo humfungulia mlango hata kama kadi yenyewe haijamfikia.

6. Hitimisho

Wanafunzi wa leksikografia wataniuliza tufanye nini na neno hili. Jibu langu ni kwamba kamusi haitimizi wajibu wake ikisema tu kwamba manamba ni kibarua wa shamba la mkonge na kwamba asili yake ni Kiingereza. Inapaswa kuonyesha kwamba neno hili hutumika kumtaja mtu akiwa mbali, na humuumiza akiambiwa usoni. Inapaswa pia kuonyesha upatanisho wake, kwa sababu ndani ya upatanisho huo kuna hukumu ya wasemaji juu ya jambo walilolishuhudia.

Number ilikuwa na maana nyingi. Ingaliweza kutufikia kwa maana ya wimbo au ya hesabu za mwanafalsafa. Ilitufikia ikiwa imebandikwa juu ya mtu, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokutana na wenye neno. Mzee wa Uha niliyemwamkia siku ile aliitikia "marahaba, mjukuu wangu", kisha akaniuliza jina langu. Nilimwambia. Nami sikumwuliza lake.