Kadi ya Bima na Viungo vya Mtoto: Historia Fupi kutoka Kidatu



Tunazungumza sana juu ya mahari, sanduku, singo na nyumba ya kuhamia. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kisichotajwa kwenye posa: kadi ya bima ya afya, na nani ameandikwa ndani yake. Tumeichagua historia ya Kidatu, katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Dada zetu walioolewa bara wamefika hadi huko, na pale linaonekana wazi jambo ambalo kwengine limejificha: bima ilianza kwa kumhesabu mwenye mshahara, na mtoto akaja nyuma yake. Mtoto asiye na wa kumfuata ndiye anayerudishwa dirishani.

Mikono ya bibi na tiba ya Iowa

Tuanze na viungo vyenyewe. Kwetu visiwani mtoto mchanga hukandwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta ya nazi, na aliyeteguka hupelekwa kwa bibi anayejua kuchua. Aliyevunjika huenda kwa muunga mifupa. Kazi hizi hazikuwahi kuwa na bima. Zililipwa kwa mchele, kanga, shilingi chache na dua.

Marekani, kazi inayokaribiana na hiyo ilipata jina na vyuo. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alianzisha kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Baadaye ilipata leseni na ikaingia katika baadhi ya bima. Lakini ilipofika kwa watoto wadogo, kampuni za bima zilianza kukataa kulipa, zikisema ushahidi wa kuwa inawafaa watoto hautoshi. Nchini Australia, mwaka 2019 bodi inayosimamia watabibu hao iliwazuia kusukuma mgongo wa mtoto wa chini ya miaka miwili wakati jambo hilo likichunguzwa.

Katika jimbo hilohilo la Iowa alifanya kazi daktari mwengine, Ignacio Ponseti, Mhispania. Yeye alishughulika na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Njia yake ni ya taratibu. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa mikono na kufungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Mara nyingi hufuata mkato mdogo wa mshipa wa kisigino, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fimbo, kwa miaka kadhaa na hasa usiku. Hii imethibitika duniani kote, na Tanzania inatolewa, ikiwemo katika hospitali ya CCBRT Dar es Salaam.

Tumeyataja haya mawili pamoja makusudi. Kuna kukataliwa kwa sababu tiba haijathibitishwa, na huko pengine kunamlinda mtoto. Na kuna kukataliwa kwa sababu mtoto hayumo kwenye karatasi, hata kama tiba yake ni sahihi na inajulikana. Huko hakumlindi yeyote.

Bonde la miwa

Kidatu ya leo imekuzwa na miwa na maji. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 Mto Ruaha Mkuu ukazibwa kwa bwawa la umeme. Watu walikuja kutoka kila upande: wakata miwa wa msimu, mafundi, wakulima wa miwa wa nje ya shamba la kampuni, na kina mama wa kuuza chakula. Mwaka 1998 kiwanda kilibinafsishwa, kampuni ya Illovo ikachukua hisa nyingi na serikali ikabaki na sehemu yake.

Kwa matibabu makubwa watu wa bonde walitegemea Ifakara, kwenye hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyojengwa na wamisionari. Hapohapo Ifakara, katika miaka ya 1950, Waswisi walianzisha maabara ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kutoka Kidatu hadi huko ni karibu kilomita 67, na kwa miaka mingi njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, kabla ya kutiwa lami. Mfikirie mama mwenye mtoto wa kubadilishwa plasta kila wiki katika njia ile.

Kadi zilivyokuja

Baada ya uhuru, serikali ya bara ilitoa matibabu bure katika vituo vyake. Zanzibar nayo ilitangaza matibabu bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Kisha hali ya uchumi ikabana, na mwaka 1993 bara ilianza kuchangisha wagonjwa. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa, lakini msamaha wa kwenye waraka si dawa ya kwenye kabati.

Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio huko Igunga, ukiwalenga watu wa vijijini wasio na ajira rasmi. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nao ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Mshahara ulikatwa asilimia 3 na mwajiri akaongeza 3. Kadi ilimhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Utaona hapo bonde likagawika. Mtoto wa mwalimu wa Kidatu alikuwa na kadi ambayo mafao yake yalitaja hadi tiba ya viungo, ile ya fiziotherapia. Mtoto wa kibarua wa msimu hakuwa nayo, ingawa baba zao walikaa mtaa mmoja. CHF ilikuwa nafuu, lakini kwa miaka mingi kadi yake iliishia zahanati au kituo ulichojiandikisha. Mwaka 2018 iliboreshwa: kaya ya watu hadi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma ikafika hospitali ya rufaa ya mkoa. Tiba ya kibingwa zaidi ya hapo ilibaki nje.

Kwa watoto, NHIF ilileta Toto Afya Kadi. Mzazi yeyote, awe kibarua au mama wa vitumbua, aliweza kumlipia mtoto wake shilingi 50,400 kwa mwaka bila yeye mwenyewe kuwa na bima. Kwa mara ya kwanza mtoto alihesabiwa kwa jina lake. Lakini mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliandikisha watoto wakishaugua, na mfuko ukalipa zaidi ya ulichokusanya. Wazazi wakaelekezwa kwenye vifurushi vya familia au usajili kupitia skuli. Lakini mtoto mwenye mguu kifundo hangoji kufika umri wa skuli. Tiba yake huanza wiki za mwanzo za maisha. Baadaye mpango ulirejeshwa kwa taratibu mpya, lakini waliozaliwa katika kipindi kile walikuwa wameshapoteza muda.

Mwaka 2024 tuliona sura nyengine. Kitita kipya cha bei cha NHIF kilipoanza mwezi Machi, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwapokea wenye kadi zake. Hapo hata mwenye kadi alirudishwa.

Tunajifunza nini

Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Zanzibar mwaka huohuo ikaunda Mfuko wa Huduma za Afya, ukaanzia na watumishi wa umma. Huko Zanzibar mlango ulianza kuwa uleule: wa mwenye mshahara kwanza.

Kuhusu dini, wapo wanaouliza kama bima inafaa. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Jeddah, mwaka 1985, walikataza bima ya kibiashara na wakaikubali ya ushirika, ambayo watu huchangiana kusaidiana. Muulize shekhe unayemwamini kuhusu mpango ulionao. Lakini matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba, na matibabu yasiwe ya kukumbukwa siku ya ugonjwa.

Kwa hiyo, bi harusi mtarajiwa, kabla ya nikaha waombe wazee wako waulize kwa adabu. Mume ana bima gani, na inaishia hospitali ipi? Nafasi ngapi zimebaki kwenye kadi, maana watoto wa ndoa ya kwanza na wazazi wake nao huweza kuandikwa humo? Ikiwa wewe ni mke wa pili, umo au humo? Na mtoto akizaliwa, nani atakwenda kumwandikisha, na kwa cheti gani?

Ukijifungua, mtazame mwanao miguu, nyonga na shingo. Ukiona mpindo, usianze na kuchua kwa nguvu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Bima ikikataa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa tiba haimo katika kitita, uliza iliyomo badala yake. Ikiwa jina ndilo halimo, hilo linaweza kurekebishwa, na usiondoke dirishani bila kujua hatua inayofuata.

Allah awape watoto wenye afya, na awape waume wanaowaandika.